Kuunganisha Fuwele au Kuotesha kwa Ioni: Njia Mbili za Kupata Nyaya za Nano Majini

Anayetaka kutengeneza nyaya za nano ndani ya maji, bila tanuru la joto kali na bila pampu ya ombwe, hufika mapema kwenye njia panda. Anaweza kuanza na fuwele za nano zilizokwisha kutengenezwa, kila moja ikiwa na upana wa nanomita chache tu (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), akaziacha zijipange zenyewe na kushikana hadi ziwe waya mmoja. Anaweza pia kupanda mbegu ndogo za fuwele juu ya kioo, kisha akaziotesha kwa ioni, yaani atomi zenye chaji, zinazotoka kwenye mmumunyo na kujiongeza kidogo kidogo. Njia zote mbili hutumia maji, hazivuki kiwango cha kuchemka kwa maji katika hatua ya kuunda waya, na matokeo yake huitwa kwa jina moja. Hata hivyo zinatoa vitu tofauti, zinadai vifaa tofauti, na kila moja humpa mtengenezaji uwezo wa kudhibiti jambo ambalo nyingine inamnyima. Ulinganisho huu unamlenga mwanafunzi wa uzamili au mtaalamu wa maabara anayepaswa kuchagua kabla hajaagiza kemikali. Mifano yake ni miwili iliyochunguzwa kwa kina: teluridi ya kadimiamu kwa njia ya kuunganisha, na oksidi ya zinki kwa njia ya kuotesha.

Nitangulize msimamo wangu ili msomaji ajue ninaelekea wapi. Kwa anayeanza, na kwa anayetaka kifaa kinachofanya kazi, zinki ndiyo chaguo. Kadimiamu ina nafasi yake, tena nafasi ambayo zinki haiwezi kuijaza, lakini ni nafasi nyembamba na yenye gharama.

Kuunganisha: teluridi ya kadimiamu

Mwaka 2002 Zhiyong Tang, Nicholas Kotov na Michael Giersig walichapisha katika jarida la Science taarifa iliyowashangaza wanakemia wengi. Fuwele za teluridi ya kadimiamu zilizotengenezwa majini zilijigeuza zenyewe kuwa nyaya ndefu zilizonyooka, mara tu sehemu ya gamba la kikaboni linalozikinga ilipoondolewa kwa uangalifu. Hakuna aliyezisukuma wala kuzielekeza, na hakukuwa na kalibu ya kuzibana ziwe na umbo hilo.

Ili kuelewa kinachotokea, inafaa kulitazama gamba lenyewe. Ni molekuli za asidi ya thioglikoli, ambazo kila moja ina ncha mbili zenye tabia tofauti: ncha yenye salfa hushika atomi za kadimiamu zilizo usoni mwa fuwele, na ncha yenye kaboksili hutazama majini. Katika pH ya 9 hivi kaboksili huwa imepoteza protoni yake na kubaki na chaji hasi, kwa hiyo kila fuwele huzungukwa na chaji hasi na kuzisukuma jirani zake. Fuwele zikiwa katika hali hiyo zinaweza kukaa majini muda mrefu bila kugandana. Mtengenezaji anapoongeza methanoli, fuwele hutuama chini ya chupa, na sehemu ya kinga yake hubaki kwenye kimiminika kinachomwagwa. Kisha hurudishwa kwenye maji safi yenye pH 9, chupa hufunikwa na kuwekwa gizani katika joto la kawaida la chumba. Kinachofuata ni kungoja kwa siku kadhaa, bila kukoroga na bila kupasha moto.

Katika siku hizo fuwele hupitia hatua mbili. Kwanza hujipanga kwa mstari kama shanga zilizotungwa, na sampuli ikichukuliwa mapema ikatazamwa kwa hadubini ya elektroni ya upenyaji, mpaka kati ya fuwele na fuwele bado huonekana. Baadaye mipaka hiyo hufutika, kwa kuwa atomi hupangika upya na mlolongo mzima huwa fuwele moja ndefu. Mpangilio wa ndani nao hubadilika: fuwele za mwanzo huwa za muundo wa mchemraba, ilhali waya uliokamilika huwa wa muundo wa pembe sita. Upana wa waya hufuata upana wa fuwele zilizouzaa, na hili ndilo jambo la kushikilia zaidi katika njia hii.

Kwa nini zijipange kwa mstari badala ya kurundikana kuwa donge? Maelezo ya watafiti hao ni kwamba fuwele ya ukubwa huu haina ulinganifu kamili, hivyo upande mmoja hubeba chaji chanya kuliko mwingine, na fuwele huwa na ncha mbili za umeme mithili ya sumaku ndogo. Gamba linapopungua, msukumano wa jumla hulegea na mvutano wa ncha kwa ncha hupata nafasi. Fuwele ya tatu inayousogelea mlolongo kutoka ubavuni hukutana na chaji hasi za wanachama wote kwa pamoja na kusukumwa, lakini ikija kutoka mwishoni hukutana na chaji chache zaidi, huku ncha ya umeme ikiivuta. Mlolongo kwa hiyo hurefuka kuliko unavyonenepa.

Maji si chombo tu katika habari hii. Uwezo wake mkubwa wa kudhoofisha nguvu za umeme, unaofikia takribani mara 80 ya ombwe, ndio unaoziruhusu chaji zikae juu ya fuwele bila kila kitu kugandana papo hapo. Umbali ambao chaji hizo zinasikika nao hutegemea chumvi iliyomo: katika mmumunyo wa chumvi sahili wa moli 0.001 kwa lita umbali huo ni nanomita 10 hivi, na katika moli 0.1 kwa lita hushuka hadi nanomita 1. Mtu aliyesuuza fuwele zake vibaya na kubakiza chumvi nyingi huwa amebadilisha jaribio lake zima bila kujua, maana fuwele zinazokaribiana bila kuhisiana mapema hushikana ovyo.

Muungano wa fuwele zenye safu za atomi zilizolingana haukuanzia kwa kadimiamu. R. Lee Penn na Jillian Banfield walikwisha kuuonyesha mwaka 1998 kwa fuwele za oksidi ya titani ndani ya maji ya moto, tena walibainisha kwamba fuwele mbili zikiungana zikiwa zimepishana kidogo, kosa hilo hufungiwa ndani na kubaki kama kasoro ya kudumu. Mwaka 2012 kundi la watafiti wa Lawrence Berkeley National Laboratory, likiwa na Dongsheng Li na James De Yoreo, lilitazama tukio hilo moja kwa moja kwa fuwele za oksidi ya chuma zilizofungiwa pamoja na maji ndani ya hadubini. Fuwele zilizunguka, zikagusana, zikaachana na kuzunguka tena mpaka safu zao zilipolingana. Hapo ziliruka ghafla na kushikana kupitia pengo lisilofika nanomita moja, kisha atomi zikaanza kujaza shingo iliyobaki katikati yao.

Njia hii ni nyepesi kuvurugika, na anayeichagua aelewe hivyo mapema. Mwaka 2006 kundi la Kotov, likishirikiana na la Sharon Glotzer, lilitumia gamba lenye chaji chanya badala ya hasi, na fuwele za teluridi ileile zikaunda karatasi bapa zinazoelea majini badala ya nyaya. Mwaka 2010 oksidisho la polepole la teluriamu lilizaa tepe zenye urefu wa mikromita 1 hadi 4, na mwanga wa kawaida ukazifanya zijisokote. Ndiyo maana chupa huwekwa gizani.

Kuotesha: oksidi ya zinki

Njia ya pili haina mshangao wa namna hiyo, na kwangu mimi hilo ni sifa. Lionel Vayssieres aliieleza mwaka 2003 kwa mapishi mafupi mno: nitrati ya zinki na heksamini kwa viwango sawa vya moli, maji, chupa yenye kifuniko, na oveni ya nyuzi joto 95 za Selisiasi kwa saa kadhaa. Mwaka huohuo kundi la Peidong Yang huko Berkeley lilionyesha kwamba nyaya hizo zinaweza kufunika bapa zima la silikoni lenye kipenyo cha inchi nne, kwa sharti kwamba bapa limepakwa kwanza mbegu za oksidi ya zinki zenye upana wa nanomita 5 hadi 10.

Kazi ya heksamini ni kuachia besi polepole. Ndani ya maji ya moto molekuli yake huvunjika na kutoa formaldehidi na amonia. Amonia huongeza ioni za haidroksidi, na hizo zikikutana na ioni za zinki huzaa oksidi ya zinki. Mtu angemimina besi kali moja kwa moja, zinki yote ingetuama kwa mkupuo kama unga mweupe usio na umbo la maana. Ucheleweshaji ndio siri yote ya mapishi haya: mmumunyo hubaki umepita shibe kidogo tu, yaani una zinki nyingi kidogo kuliko maji yanavyoweza kuyeyusha, kiasi cha kulisha mbegu zilizopo bila kuzaa nyingi mpya.

Urefu wa waya hutokana na muundo wa fuwele yenyewe. Oksidi ya zinki hujipanga kwa pembe sita, na katika mhimili wake mkuu tabaka za zinki na za oksijeni hupishana, hivyo nyuso za ncha huwa na chaji na nguvu nyingi, wakati nyuso sita za ubavuni zimetulia. Ioni hupendelea kujiunga pale penye nguvu nyingi, na fuwele hurefuka kuelekea upande huo. Mbegu zikiwa zimelala kioo kizima huku mhimili huo ukitazama juu, nyaya nazo husimama wima kama zilivyoagizwa.

Mambo mawili ya vitendo huwatesa wanaoanza, na yote mawili yana dawa rahisi. La kwanza ni uso wa kioo kutazama juu. Hata katika mmumunyo mzuri kiasi fulani cha oksidi hujitunga chenyewe katikati ya maji na kudondoka, na kioo kilicholazwa chali hupokea unga huo juu ya nyaya zake. Kioo hicho kinapaswa kuning'inizwa uso ukitazama chini, au kuegemezwa kwa mwinamo. La pili ni mbegu. Njia ya kundi la Yang ya kudondoshea matone ya asetati ya zinki iliyo ndani ya ethanoli, kuyasuuza, kurudia mara kadhaa na kisha kuoka kwa nyuzi 350 hivi, hutoa mbegu ndogo zilizosimama vizuri. Anayekwepa hatua hii hupata vishada vinavyoelekea kila upande, kisha huulaumu mmumunyo ambao hauna kosa.

Ndani ya njia hii yenyewe kuna tofauti ambayo wengi huipita. Mwaka 2010 Song Jin na wenzake wa University of Wisconsin–Madison walionyesha kwamba mmumunyo ukiwa umepitiliza shibe kwa kiasi kidogo sana, oksidi ya zinki inaweza kukua kwa kuzunguka kasoro ya parafujo iliyo katikati ya waya: ngazi ya atomi isiyoisha, ambayo haihitaji tabaka jipya kuanzishwa kila mara. Kasoro hiyo ikiwa kubwa, kitovu cha waya hubaki kitupu ili kupunguza mkazo, na kinachopatikana ni mrija. Watafiti hao walitumia mtambo unaopitisha mmumunyo mpya muda wote ili shibe isibadilike. Chupa iliyofungwa haiwezi hivyo, kwa kuwa zinki hupungua kadiri nyaya zinavyokua.

Zikiwekwa bega kwa bega

Upana ndio unaozitenganisha zaidi. Kwa kadimiamu, upana wa waya huamuliwa kabla waya haujaanza, kwa kuchagua ukubwa wa fuwele. Fuwele za nanomita 3 huzaa waya wa upana wa karibu na huohuo, na tofauti kati ya waya na waya huwa ndogo. Kwa zinki, upana hutawaliwa na ukolezi wa mmumunyo na msongamano wa mbegu, na anga lake ni pana mno. Vayssieres alipopunguza ukolezi kutoka moli 0.1 kwa lita hadi 0.01 na kisha 0.001, alishuka kutoka rodi za mikromita moja au mbili hadi nanomita 100–200, na hatimaye hadi nanomita 10–20. Katika kazi nyingi za kawaida nyaya za zinki huwa na nanomita 40 hadi 200, na ndani ya kioo kimoja hutofautiana vya kutosha kumuudhi anayependa mistari safi kwenye grafu.

Urefu huenda kinyume. Nyaya za kadimiamu hurefuka kwa kuokota fuwele zilizopo jirani, na mtengenezaji hana mpini wa kuamua zikome wapi. Katika chupa moja atakuta nyaya za mamia ya nanomita pamoja na nyingine zilizovuka mikromita moja. Nyaya za zinki hurefuka kwa muda wa kukaa kwenye mmumunyo, na zikisimama kwa kuishiwa zinki, hutolewa na kuingizwa kwenye mmumunyo mpya. Kwa kurudia hivyo, na kwa kuongeza polima iitwayo polietilenimini ili zisinenepe, Matt Law, Lori Greene na wenzao walifikisha nyaya zenye urefu unaozidi mikromita 20 mwaka 2005, wakazitumia katika seli za jua zenye rangi ya kunasa mwanga.

Kisha kuna mahali. Nyaya za kadimiamu huzaliwa zikielea, na kila anayetaka kuzipima umeme lazima azikamate, azilaze juu ya elektrodi na kuomba ziangukie pazuri. Nyaya za zinki huzaliwa zikiwa zimeshika kioo, na kioo hicho kikiwa na tabaka linalopitisha umeme, elektrodi ya kwanza iko tayari. Kwa mtu wa vifaa, jambo hili pekee linatosha kuamua.

Kuhusu mwanga, kadimiamu inashinda bila ubishi. Pengo la nishati la teluridi ya kadimiamu, yaani nishati inayohitajika kuing'oa elektroni mahali pake ili isafiri, ni takribani elektronivolti 1.5, na umbali ambao elektroni na shimo lake (nafasi tupu inayoiacha) hutanuka ndani yake ni nanomita 7 hivi. Waya wa nanomita 3 au 5 ni mwembamba kuliko umbali huo, kwa hiyo elektroni hubanwa na rangi ya mwanga hubadilika kwa kubadilisha upana, kutoka kijani hadi nyekundu. Oksidi ya zinki ina pengo la elektronivolti 3.3 hivi, na umbali wake wa kutanuka unakaribia nanomita 2 tu. Waya wa nanomita 50 kwa elektroni hiyo ni uwanja wazi. Zinki hung'aa katika urujuanimno karibu na nanomita 380, tena mara nyingi ikiambatana na mwanga wa kijani au manjano unaotokana na kasoro zake. Anayechunguza namna upana unavyobana elektroni asipoteze muda na zinki ya oveni.

Kasoro za ndani nazo hazifanani. Katika kuunganisha, kila kiungo ni mahali panapoweza kuwa na kosa la mpishano, na ingawa kupangika upya kwa atomi hurekebisha mengi, waya uliotengenezwa na mamia ya fuwele umepitia mamia ya nafasi za kukosea. Katika kuotesha, waya huwa fuwele moja tangu mwanzo, lakini huchukua uchafu wa mmumunyo: haidrojeni, mabaki ya heksamini, nafasi za oksijeni zilizo tupu. Kupasha joto baadaye husaidia upande wa zinki. Nyaya za kadimiamu zenye gamba la kikaboni hazivumilii matibabu hayo.

Sasa vifaa na hatari, mambo ambayo makala nyingi huyapitia kwa aya moja ilhali ndiyo yanayoamua kazi ya mtu. Kutengeneza fuwele za teluridi ya kadimiamu huhitaji teluriamu iliyoongezewa elektroni, ama kama gesi ya teluridi ya haidrojeni, ambayo ni sumu na yenye harufu mbaya, ama kama chumvi yake ya sodiamu inayotayarishwa papo hapo. Zote huharibika zikigusa hewa, hivyo kazi hufanyika chini ya nitrojeni au argoni, kisha mmumunyo huchemshwa kwa saa kadhaa huku mvuke wake ukirudishwa chomboni ili fuwele zikue. Kadimiamu yenyewe imewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, na kanuni za Umoja wa Ulaya kuhusu vifaa vya umeme huiwekea kikomo cha asilimia 0.01 ya uzito, ukomo mkali kuliko ule wa risasi. Maabara isiyo na kabati la kuvutia hewa chafu na isiyo na utaratibu wa kukusanya mabaki yenye metali nzito haipaswi kuigusa njia hii, hata kama mwanafunzi ana bidii kiasi gani.

Njia ya zinki huhitaji oveni, mizani, vioo na subira ya nusu siku. Formaldehidi inayozaliwa ndani ya chupa si ya kudharauliwa, na chupa hufunguliwa ikiwa imepoa na ndani ya kabati la hewa. Mabaki ya zinki nayo hayamwagwi kwenye sinki, kwa kuwa ioni zake huwadhuru viumbe wa majini. Lakini hakuna kinacholipuka kwa kugusa hewa, na kasoro za jaribio huonekana kwa macho: kioo chenye nyaya huwa na utando mweupe uliosambaa sawasawa, na kilichoharibika huwa na mabaka.

Kuna pia suala la kuthibitisha. Nyaya za kadimiamu haziaminiki mpaka zionekane kwa hadubini ya elektroni ya upenyaji, maana kuhama kidogo kwa rangi ya mwanga kunaweza kuletwa na mambo mengine mengi. Nyaya za zinki zilizosimama zinaweza kuthibitishwa kwa kiasi kikubwa kwa mtambo wa mtawanyiko wa eksirei, ambao hupatikana kwa wepesi zaidi: mhimili ukiwa wima, kilele cha karibu na nyuzi 34.4 huchomoza juu ya vingine vyote kwa eksirei za shaba, na vilele vya ubavuni hufifia. Asiye na hadubini ya upenyaji karibu, atakayelazimika kusafirisha kila sampuli na kungoja zamu, ajue kwamba njia ya kadimiamu itamchosha. Sampuli zake huendelea kubadilika ndani ya chupa wakati yeye anasubiri.

Dhahabu na shaba, kwa kifupi

Wengine watauliza kuhusu metali. Dhahabu huoteshwa majini kwa mbegu za nanomita chache na asidi ya askobiki, ndiyo vitamini C, ndani ya sabuni iitwayo CTAB. Kundi la Catherine Murphy liliieleza mwaka 2001, na Babak Nikoobakht na Mostafa El-Sayed wakaiboresha mwaka 2003 kwa nitrati ya fedha. Ni njia nzuri, lakini mara nyingi hutoa vijiti vifupi kuliko nyaya, na CTAB huganda maabara ikipoa kidogo chini ya nyuzi 25, hivyo jaribio lililofaulu mchana linaweza kushindwa usiku. Shaba huota na kuwa nyaya ndefu za mikromita nyingi katika sodiamu haidroksidi kali mno pamoja na haidrazini, ambayo ni sumu, na zikitoka hapo huanza kushika kutu ya hewa. Hizi ni za wanaotafuta vioo vinavyopitisha umeme. Hazihusiki na pengo la nishati, kwa hiyo hazishindani na hizo mbili za mwanzo.

Nani achague ipi

Mgawanyo nilioufuata una ukingo wenye ukungu. Claudia Pacholski, Andreas Kornowski na Horst Weller walionyesha mwaka 2002 kwamba hata oksidi ya zinki inaweza kuunda vijiti kwa fuwele ndogo kushikana ncha kwa ncha, ingawa kwao kimiminika kilikuwa methanoli. Na kama ilivyoonekana katika hadubini ya Berkeley, muungano wa fuwele humaliziwa na atomi zinazojaza shingo. Anayetaka kusema waya wake ulikua kwa njia gani hana budi kuchukua sampuli katikati ya safari, kwa sababu waya uliokamilika umekwisha kuficha ushahidi.

Kwa hiyo anayechunguza swali lenyewe la jinsi fuwele zinavyojipanga, na aliye na hadubini, kabati la hewa, gesi tulivu na msimamizi aliyezoea kadimiamu, achukue teluridi. Hakuna mfumo mwingine wa majini unaoonyesha kwa uwazi kama huo safari ya kutoka chembe hadi mlolongo hadi waya, na kila kigezo, iwe gamba, chumvi, pH au mwanga, kinaacha alama inayosomeka. Aanze na kundi moja la fuwele lililotengenezwa kwa wingi na kuligawa katika chupa nyingi, maana kulinganisha chupa zilizotoka kwenye fuwele za siku tofauti ni kujitafutia matatizo.

Anayetaka kihisi cha gesi, kiolesura cha seli ya jua, au kifaa cha kuvuna umeme kutokana na mtikisiko wa aina ambayo Zhong Lin Wang na Jinhui Song waliionyesha kwa nyaya za oksidi ya zinki mwaka 2006, achukue zinki. Wao walitumia nyaya zilizokuzwa kwa mvuke wa moto, lakini tabia ya oksidi ya zinki ya kutoa umeme inapopindwa inatokana na muundo uleule wa pembe sita unaopatikana katika oveni ya nyuzi 90. Achunge jambo moja: oksidi ya zinki huyeyuka katika asidi na katika besi kali, kwa hiyo kihisi kitakachokaa kwenye maji ya viwandani au tumboni mwa kitu chenye uchachu kitahitaji utando wa kukikinga.

Na aliyetamani yote mawili, yaani mwanga unaorekebishika na nyaya zilizosimama mahali pake, si lazima aunganishe fuwele kuwa waya. Mwaka 2007 Kurtis Leschkies na wenzake wa University of Minnesota waliotesha nyaya za oksidi ya zinki kwanza, kisha wakazivika fuwele za nano za selenidi ya kadimiamu, ndugu wa karibu wa teluridi. Fuwele zilinasa mwanga unaoonekana na kuingiza elektroni ndani ya zinki, na zinki ikazipeleka hadi kwenye elektrodi. Kadimiamu katika mpangilio huo ni tabaka jembamba tu juu ya waya, na kiasi cha mabaki ya kukusanya mwishoni mwa kazi hupungua ipasavyo.